Mkeka tuliompa rais mgeni na mkewe sasa ni wa nani?

SWALI: "Assalaam alaikum, mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wasukaji, Pemba. Mwaka juzi tuliombwa tusuke mkeka wa kumpa rais wa nchi ya nje aliyekuja ziarani na mkewe. Tulikaa nao miezi minne. Mkewe tukamtafutia na doti ya kanga. Picha za makabidhiano tuliziona, baada ya hapo kimya. Wenzangu wananiuliza: mkeka ule ni wa rais, ni wa mkewe, au ni wa nchi yao? Akimaliza muda wake ataondoka nao? Na kanga je? Mwenzetu mmoja anasema wageni wakishapanda ndege vitu vyetu hutupwa stoo."

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Wasalimie wenzako wote, na hasa huyo aliyetaja stoo, maana wasiwasi wake una msingi na nitaufikia.

Nianze na jibu lenyewe. Katika nchi nyingi zilizotunga sheria ya jambo hili, mkeka ule si wa rais wala si wa mkewe. Ni mali ya nchi yao. Yeye aliupokea kwa mikono yake, lakini mikono ile ilikuwa ya kiti anachokikalia, na siku atakapofunga virago vya ikulu mkeka hubaki serikalini. Anaweza kuondoka nao kwa njia mbili tu: ama thamani yake iwe chini ya kiwango kilichowekwa, ama sheria ya kwao imruhusu kuununua. Kanga hufuata njia hiyohiyo, hata kama mama yule alijitanda palepale mbele ya kamera.

Hukutaja walitoka nchi gani, kwa hiyo nitakueleza kwa nchi ambazo sheria zake nazifahamu. Nitaanzia huko huko visiwani, kwa sababu kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari hizi kilianzia bandari ya Unguja.

Mwanzoni mwa mwaka 1840 chombo kiitwacho Sultana kiling'oa nanga Unguja kuelekea New York. Mwenye chombo alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na aliyepewa dhamana ya safari alikuwa mtu wake wa kuaminika, Ahmad bin Na'aman. Wamarekani hawakuwa wageni kwetu wakati ule. Mkataba wa urafiki na biashara ulikwisha kutiwa saini mwaka 1833, balozi wao mdogo alikaa Unguja tangu 1837, na nguo yao nyeupe ya pamba ilikwisha kuingia sokoni na katika lugha, ndiyo merikani tunayoijua mpaka leo. Sultana ilipakia pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi. Iliuzunguka mwisho wa Afrika kusini, ikapanda bahari ya Atlantiki, na tarehe 30 Aprili ikaingia New York. Watu walijaa gatini kuwatazama mabaharia.

Lakini ndani ya chombo mlikuwa na shehena nyingine isiyo ya kuuzwa. Seyyid Said alimpelekea Rais Martin Van Buren hidaya: farasi wawili wa Kiarabu, kasha la lulu, marashi ya mawaridi na madumu ya maji yake, shali za Kashmiri, zulia la Uajemi na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Mtu wa pwani haoni ajabu hapo. Mkubwa hatumi mjumbe mikono mitupu kwa mkubwa mwenziwe, na hidaya inapimwa kwa hadhi ya anayetoa kama inavyopimwa kwa hadhi ya anayepokea.

Van Buren akashindwa kuipokea. Katiba yao, iliyoandikwa mwaka 1787, inamkataza mwenye cheo cha serikali kuchukua zawadi kutoka kwa mfalme au dola ya nje bila idhini ya bunge. Hilo halikuwekwa kwa bahati. Miaka miwili kabla ya katiba hiyo kuandikwa, mjumbe wao Paris, Benjamin Franklin, alikuwa amepewa na mfalme wa Ufaransa kijaluba chenye picha ya mfalme, kimezungukwa na almasi 408. Watu wakajiuliza: mtu aliyerudi na almasi zote zile, anapozungumza habari za Ufaransa anamsemea nani? Swali hilo ndilo roho ya sheria zote nitakazokutajia, za kwao na za kwetu.

Basi fikiria ugumu uliokuwapo. Kukubali ni kuvunja katiba. Kukataa ni kumvunjia uso mtawala aliyetuma hidaya kutoka ng'ambo ya dunia, na mjumbe wake amesimama mlangoni anangoja. Van Buren alimweleza Ahmad kwa heshima kwamba yeye binafsi amefungwa na katiba, kisha akalipeleka suala bungeni. Mwezi wa Julai bunge likapitisha azimio: zipokewe kwa jina la nchi, si la mtu. Vilivyoweza kuuzwa viuzwe, fedha ziingie hazina ya umma. Farasi wakauzwa. Vito na vitu vingine vya thamani vikawekwa katika jengo la serikali mjini Washington, wananchi wakawa wanaingia kuviona, mpaka mwaka 1848 wezi walipovunja wakabeba baadhi ya vito. Na ili hidaya ilipwe kwa hidaya, Marekani ikaitengeneza Sultana yote kwa gharama yake katika karakana ya jeshi la maji, Brooklyn. Agosti chombo kikaondoka kimekuwa kama kipya, na ndani yake zawadi za kumrudishia Seyyid.

Kila ninapokisimulia kisa hiki huwa najiuliza: tumejuaje haya yote? Farasi wamekufa zamani, marashi yameyeyuka, lulu wezi wamezijua wao. Tumejua kwa sababu palikuwa na mtu mwenye kalamu aliyeandika: kasha moja, madumu matano, farasi wawili, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, siku gani. Karatasi ile imeishi kuliko vitu vyote vilivyoandikwa ndani yake. Dada yangu, katika habari nzima ya zawadi za wakubwa hakuna kitu ninachokiamini kuliko karatasi inayoandikwa siku ileile zawadi inapotolewa. Bei ya kitu haikilindi. Cheo cha aliyekipokea hakikilindi. Ni maandishi.

Marekani ya leo bado inakwenda kwa njia ya Van Buren, ila imeipa vipimo. Sheria yao ya mwaka 1966, iliyorekebishwa 1977, inaweka kiwango: zawadi ya serikali ya nje iliyo chini ya hapo mtu anaweza kubaki nayo, ikizidi ni mali ya taifa. Mwaka 1977 kiwango kilikuwa dola 100, na mwaka 2023 kiliwekwa dola 480. Na hapa ndipo swali lako la kanga linapojibiwa waziwazi: sheria ile inamtaja mwenzi wa kiongozi na watoto wanaomtegemea kana kwamba nao ni watumishi. Mke wa rais hana mlango wake wa pembeni.

Kila mwaka wizara yao ya mambo ya nje hutoa orodha hadharani: kitu gani, nani katoa, thamani, kimepelekwa wapi, na sababu ya kukipokea. Sababu karibu zote zimeandikwa kwa sentensi moja, kwamba kukataa kungemwaibisha mtoaji na serikali ya Marekani. Ukiisoma orodha ya mwaka 2023 utaona mke wa rais, Jill Biden, alipewa na waziri mkuu wa India, Narendra Modi, almasi ya karati 7.5 iliyokadiriwa dola 20,000. Ikaandikwa, ikabaki kwa matumizi ya kiofisi katika ikulu yao. Hakwenda nayo kwake.

Vyakula havina bahati hiyo. Tende, asali, halua, hata vikiwa vimetengenezwa kwa mapenzi makubwa namna gani, hupitia kwa walinzi wa rais na kwa kawaida haviliwi. Nakutajia ili kesho mkiombwa tena msije mkapika halua ya siku tatu.

Sasa stoo. Mwenzenu kasema kweli kwa nusu. Mkeka wenu kwa uwezekano mkubwa uko stoo. Lakini stoo ya kuhifadhia si pale panapotupwa magunia na viti vilivyovunjika. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, na nimeipokea mikeka ya namna yenu mingi. Nikuonyeshe.

Mkeka ukifika hauingii ndani moja kwa moja. Kwanza unalazwa juu ya karatasi nyeupe, unapigwa kidogo kwa mkono mkavu, na unatazama kinachoanguka. Kikianguka kivumbi laini cha rangi ya unga wa muhogo, ujue mna mdudu anayekula ukindu, yaani yale majani ya kusukia, kwa ndani. Mkeka hufungwa katika nailoni, ukatiwa katika friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi, mpaka mdudu na mayai yake wafe. Dawa ya kunyunyiza hatuitaki, inaharibu rangi. Ukitoka humo unasafishwa kwa brashi laini, unafuata ukili, yaani ule utepe uliosukwa, mmoja baada ya mwingine, hukatizi mishono. Kisha unaviringishwa kwenye bomba nene la karatasi. Hatuukunji hata siku moja, kwa sababu ukindu ukishakauka kila mkunjo unakuwa ufa, na ufa wa ukili hauna daktari. Unawekwa gizani, maana mwanga ndio unaozila zile rangi mlizochemshia, na zambarau hutangulia kufa.

Kwa hiyo stoo inaweza kuwa ndiyo sehemu ambayo mkeka wenu utakaa miaka 100. Ungetandikwa sebuleni ikulu, ungekuwa umekwisha mitano. Ila mkeka uliowekwa stoo vizuri bila jina umepotea vilevile, na hapo ndipo nakubaliana na mwenzenu.

Niliwahi kupokea kinyago kutoka kwenye ofisi moja iliyokuwa ikihama jengo. Mpingo mzito, urefu wa goti, watu wanabebana mmoja juu ya mwingine, kazi safi kabisa. Niliambiwa ni "zawadi ya kiongozi". Kiongozi gani? Hawajui. Kapewa na nani? Hawajui. Chini ya kitako palikuwa na kipande cha karatasi kilichogandishwa, maji yamepita, yamebaki maneno mawili tu: "Wananchi wa". Nilikaa na kile kinyago wiki nzima nikikitazama. Wananchi wa wapi? Walikaa kikao, wakachanga, wakamwendea fundi, wakachagua mpingo, wakasimama juani siku ya mkutano, na mwisho wa yote hayo ni maneno mawili na doa la maji. Nilipiga simu kwa wazee niliowajua, nikatafuta picha za zamani, sikufika popote. Mpaka leo kimeandikwa kwa namba tu. Nikikwambia jambo hili linaniuma, niamini.

Nirudi kwa wenzi wa viongozi, kwa kuwa uliuliza habari za yule mama. Ukitazama kesi kubwa za miaka ya karibuni utaona zawadi hupotelea zaidi upande wa familia kuliko ofisini. Ofisini pana katibu, pana daftari, pana watu wa itifaki. Chumbani hapana daftari. Mkufu ukiingia kabatini, baada ya miaka minne hakuna anayekumbuka kama ulinunuliwa au uliletwa na mgeni.

Oktoba 2021, katika uwanja wa ndege wa Guarulhos, São Paulo, watu wa forodha walipekua begi la mgongoni la msaidizi wa waziri aliyekuwa akirudi kutoka Saudi Arabia. Ndani wakakuta seti ya vito vya almasi vilivyokadiriwa euro milioni 3, ambavyo havikutolewa taarifa. Walielezwa kuwa ni zawadi kwa Michelle Bolsonaro, mke wa rais wa Brazil wa wakati ule. Vikazuiwa. Habari ilipotoka magazetini Machi 2023 Michelle alisema hakujua chochote kuhusu vito hivyo. Sina haja ya kumhukumu. Ninachokitazama ni begi. Zawadi ya dola kwa dola haisafiri katika begi la mgongoni. Ikishawekwa humo bila karatasi, hata ingekuwa na nia safi namna gani, hakuna tena wa kuieleza.

Pakistan wana nyumba maalumu kwa kazi hii, inaitwa Toshakhana, maana yake nyumba ya hazina, iliyoanzishwa mwaka 1974. Zawadi zote za viongozi hupaswa kufikishwa huko, zikathaminiwa, na aliyepewa aliweza kuichukua kwa kulipa sehemu ya thamani: wakati mmoja asilimia 20, baadaye 50. Tatizo la mpango huo mtu wa sokoni analiona haraka. Anayethamini ni nani, na anamthaminia bosi wake kwa bei gani? Agosti 2023 waziri mkuu wa zamani, Imran Khan, alihukumiwa miaka mitatu kwa kesi ya zawadi hizo, na Januari 2024 yeye na mkewe, Bushra Bibi, wakahukumiwa miaka 14 katika kesi nyingine ya zawadi za Toshakhana, hukumu ambayo Mahakama Kuu ya Islamabad iliisimamisha Aprili mwaka huohuo. Wao wamekana siku zote. Mimi binafsi sipendi kabisa utaratibu wa kiongozi kununua zawadi aliyopewa, hata pale bei inapokuwa ya haki. Ninyi hamkumsukia mtu mkeka aje aununue kwa nusu bei.

Nyumbani kwetu je? Kenya wameliandika vizuri kuliko wengi. Ibara ya 76 ya katiba yao ya mwaka 2010 inasema zawadi anayopewa ofisa wa dola katika shughuli ya umma ni zawadi kwa Jamhuri ya Kenya na ikabidhiwe kwa dola, ila pale sheria ya bunge itakaporuhusu vingine. Sheria yao ya uongozi na uadilifu ya 2012 iliongeza katazo la vito, madini ya thamani, pembe za ndovu na viungo vya wanyama wanaolindwa na mikataba ya kimataifa. Mkeka unapita, kanga inapita, kinyago cha mpingo kinapita. Bangili ya pembe aliyoiacha bibi haipiti, wala msijaribu.

Tanzania tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, namba 13 ya mwaka 1995. Ilipoandikwa iliweka kiwango cha shilingi 50,000: zawadi ikizidi hapo, kiongozi aitolee taarifa kwa afisa masuuli, yaani msimamizi wa fedha na mali za ofisi yake, naye aelekeze kwa maandishi itumikeje. Neno "kwa maandishi" limo ndani ya sheria, na ndilo nililokuwa nikilitafuta. Tena kiongozi anapotangaza mali zake Sekretarieti ya Maadili, sheria inahesabu na za mwenzi wake na watoto wadogo wasiooa wala kuolewa. Wenye umri wangu tunakumbuka pia habari za takrima, ukarimu ule wa wagombea uliokuwa umeruhusiwa na sheria ya uchaguzi mpaka Mahakama Kuu ilipoufuta mwaka 2006. Mjadala ule ulitufundisha kutofautisha mkono unaotoa kwa upendo na mkono unaotoa ili uvute kitu. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na kiongozi anayelambishwa kila siku husahau ladha ya chakula chake mwenyewe.

Ukipata nafasi ya kufika Mara, nenda Butiama, kwenye makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyofunguliwa mwaka 1999. Humo zimo zawadi alizopewa na watu wa mikoa na wageni wa nchi: vinyago, vigoda, mikuki na vingine vingi. Vitu hivyo havina bei kubwa sokoni. Lakini unaposimama mbele ya kigoda kilichochongwa na mtu wa kijijini kwa ajili ya kiongozi wake, unaona nchi nzima ilivyokuwa ikizungumza naye kwa miti na ngozi. Ndiyo maana nasema mahali pa zawadi za rais ni pale ambapo mjukuu wa aliyeitoa anaweza kuingia na kuiona.

Zawadi zenye uhai zina mambo yake. Pwani yetu ni wazoefu: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme wa China, Yongle, na watu wa huko wakamwona kama mnyama wa heri wa ngano zao. Julai 2019, Chato, Rais Magufuli alimpa Rais Uhuru Kenyatta tausi wanne, na mwaka uliofuata akawagawia tausi marais wastaafu na Mama Maria Nyerere. Kiumbe kama huyo huwezi kumviringisha kwenye bomba la karatasi. Korea Kusini walipata taabu kwa hilo. Mwaka 2018 Kim Jong-un, kiongozi wa Korea Kaskazini, alimpa rais wao Moon Jae-in mbwa wawili wa aina ya Pungsan. Kwa sheria ya zawadi za rais wale mbwa walikuwa mali ya taifa, na Moon alipotoka madarakani mwaka 2022 alikaa nao miezi michache, kukawa na mvutano kuhusu uhalali na gharama za kuwatunza, Novemba akawarudisha serikalini. Mbwa hajui habari za mali ya taifa, anamjua anayemlisha. Hapo natamani sheria ingekuwa na huruma zaidi.

Na ziko zawadi ambazo aliyetoa hakuwa na haki ya kutoa. Binti mfalme Elizabeth alipoolewa na Philip mwaka 1947, serikali ya kikoloni ya Kenya iliwazawadia nyumba ya mapumziko Sagana, huko Nyeri, chini ya Mlima Kenya. Walikuwa ndani ya nyumba hiyo Februari 1952 alipopewa habari kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia. Wakati ule ule, Wakikuyu wa Nyeri walikuwa wakidai ardhi yao. Mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru, malkia aliirudisha nyumba ile kwa serikali ya Kenya, na leo ni ikulu ndogo ya Sagana. Mimi siiweki zawadi ile kwenye kapu moja na mkeka wenu. Ninyi mlitoa cha jasho lenu.

Haya, mfanye nini sasa? Hamjachelewa.

Andikeni barua kwa ofisi iliyowaomba mkeka, muombe nakala ya hati ya makabidhiano. Kama nchi ya mgeni wenu ina ubalozi Dar es Salaam, mpelekeeni nakala mtu wa itifaki, mkiambatisha picha moja ya mkeka na moja ya makabidhiano. Msiandike kwa kulalamika. Mwombe kujua umehifadhiwa taasisi gani na umeandikwaje katika daftari lao, na muwaambie mna maelezo ya kuongeza. Nakuhakikishia mhifadhi yeyote mwenye mapenzi na kazi yake akipokea barua kama hiyo ataifungua kwa mikono miwili. Mimi ningeifungua hivyo.

Maelezo hayo yaandikeni nyinyi, kwa Kiswahili, kwa maneno mnayotumia mkiwa kazini. Ukindu ulikatwa wapi na mwezi gani. Rangi zipi ni za dukani na zipi mlichemsha wenyewe. Kili ngapi, upana wake, na nani alizishona pamoja. Pambo la katikati mnaliita nani, maana kila pambo lina jina, na jina likipotea mtu wa makumbusho ataandika tu "michoro ya pembetatu". Kanga andikeni jina lake neno kwa neno. Kama ilikuwa "Wema hauozi" au jingine, semeni na kwa nini mlilichagua hilo kwa ajili ya mama yule. Kanga bila jina lake ni kitambaa.

Mkiombwa tena, maelezo haya yaandikwe kabla mkeka haujatoka mlangoni. Msiyagandishe kwa gundi, gundi huachia na maji hupita. Yaandikeni kwa penseli au wino usiochuja kwenye kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, mkishone kwenye kona ya chini upande wa nyuma, mishono mirefu iliyolegea ili ukindu usikatike. Nakala moja ibaki kwako katibu, nyingine apewe mtu wa itifaki mkononi.

Na majina ya watu yawe yote. Huwa naona orodha zina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, basi. Mtieni na yule aliyekwenda kukata ukindu, na aliyekaa na sufuria la rangi jikoni, na kama yupo aliyesuka ukili wa kwanza akaugua asiuone mkeka ukimalizika, jina lake litangulie.